Namba Iliyo Chini ya Mstari: Historia ya Kulinganisha Maisha ya Miji kwa Takwimu

Kila takwimu inayodai kueleza jinsi watu wanavyoishi mjini ni sehemu kwa maana ile ile ya hesabu za shule: juu ya mstari hukaa kiasi, yaani idadi ya vifo, ya watoto wasiosoma au ya nyumba zisizo na maji, na chini ya mstari hukaa asili, yaani idadi ya watu au ya nyumba ambamo mambo hayo yametokea. Kiasi huonekana upesi, kwa kuwa maiti huzikwa na mgonjwa hupelekwa hospitali, lakini asili haionekani mpaka mtu aamue nani ahesabiwe kuwa mkazi na mji uishie wapi, kisha awahesabu walio hai ambao hawajapatwa na jambo lolote la kuwafanya waandikwe. Historia ya kulinganisha miji kwa takwimu, kutoka London ya karne ya 17 hadi Nairobi ya leo, kwa sehemu kubwa ni historia ya kuitafuta asili hiyo, na makosa yake mazito hayakutokana na kujumlisha vibaya kama yalivyotokana na kugawanya kwa namba isiyohusika.

Mwanzo wake ulikuwa hofu ya tauni. Kuanzia 1603 parokia za London zilitoa kila wiki, bila kukatiza, orodha za maziko na ubatizo, ambazo wenye uwezo walizisoma ili wajue maradhi yameingia mtaa gani na kama wakati wa kuuhama mji umefika. Sababu ya kifo iliandikwa kwa kauli ya wanawake wazee, wengi wao maskini waliokuwa wakitunzwa na parokia, ambao waliitwa kuitazama maiti na kutoa taarifa kwa karani. Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa nguo na vifaa vya ushonaji ambaye hakuwa na elimu ya chuo kikuu, alichapisha kitabu kilichozichambua orodha hizo za miaka mingi, na jambo la kwanza alilolifanya, ambalo warithi wake wengi walilisahau, lilikuwa kuuliza kama waandikaji waliaminika. Aliona kwamba vifo vya kaswende vilikuwa vichache mno kwa mji wenye tabia kama za London, na akaeleza kuwa wanawake hao walihongwa wakaviandika kuwa vifo vya kukonda na kifua kikuu. Aliona pia kwamba maziko ya London yalizidi ubatizo, akahitimisha kuwa mji huo haukuweza kujizaa wenyewe na ulisimama kwa watu waliohamia kutoka mashambani kila mwaka.

Graunt hakuwa na asili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwahesabu wakazi wote wa London, na watu wenye vyeo walizungumzia mamilioni bila ya kusita. Alikisia idadi yao kwa njia kadhaa, akianza na wanawake wenye umri wa kuzaa na idadi ya jamaa zilizopatwa na msiba, akafika kwenye watu 384,000. Namba hiyo ilikuwa makisio tu, lakini yalikuwa makisio ambayo msomaji angeweza kuyafuata hatua kwa hatua na kuyapinga, na kwa sifa hiyo yanasimama mbele ya takwimu nyingi zilizochapishwa karne tatu baadaye. Rafiki yake William Petty aliutumia ujuzi huo kwa kusudi jingine: katika miaka ya 1680 aliilinganisha London na Paris kwa maziko, nyumba na hospitali ili kuthibitisha kuwa mji wa mfalme wake ulikuwa mkubwa zaidi. Ubishi uliofuata kati ya Waingereza na Wafaransa ulikuwa wa fahari za wafalme, na haukumwongezea mkazi yeyote maji safi.

Swali la maisha yenyewe liliingia katika miaka ya 1820, wakati daktari Louis-René Villermé alipozipata takwimu za mji wa Paris zilizokusanywa kwa wilaya zake 12 na kutafuta kwa nini vifo vilizidi katika baadhi ya wilaya kuliko nyingine. Alijaribu maelezo ambayo udaktari wa zama zake uliyaamini, yaani ukaribu na mto Seine, upepo, upana wa njia na msongamano wa watu, na hakuna hata moja lililolingana na mpangilio wa vifo. Kilicholingana kilikuwa umaskini, ambao aliupima kwa idadi ya nyumba zilizosamehewa kodi kwa sababu wapangaji wake hawakuwa na kitu. Tangu hapo haikuwezekana tena kwa mtu mwaminifu kuutaja mji kana kwamba ni kitu kimoja chenye afya moja.

Uingereza ya viwanda ndiko kulikozaliwa ubishi ulioifanya elimu hii kuwa kama ilivyo. Mwaka 1842 Edwin Chadwick, aliyekuwa katibu wa tume ya sheria ya maskini, alitoa ripoti juu ya hali ya usafi ya watu wanaofanya kazi za mikono, na ndani yake aliweka jedwali ambalo halikuacha kunukuliwa: wastani wa umri wa kufa kwa watu wa tabaka la juu katika Rutland, wilaya ya mashambani, ulikuwa miaka 52, na kwa vibarua wa huko miaka 38, wakati katika Manchester watu wa tabaka la juu walikufa kwa wastani wa miaka 38 na vibarua wa miaka 17. Msomaji aliweza kuona mara moja kwamba kibarua wa shamba aliishi sawa na tajiri wa Manchester, na hoja ya Chadwick kwamba uchafu, mifereji mibovu na maji machafu ndivyo vilivyoua ilionekana kuwa imekamilika.

Jedwali hilo, hata hivyo, lilikuwa na viasi bila asili. Wastani wa umri wa waliokufa hutegemea umri wa walio hai kama unavyotegemea ukali wa maradhi: mtaa wenye watoto wengi utakuwa na vifo vingi vya watoto hata kama kila mtoto wake ana nafasi nzuri ya kuishi, na mtaa wa matajiri uliojaa watumishi vijana wa nyumbani utaonyesha vifo vya watu wazima kwa sababu hiyo tu. Mwaka 1844 mtaalamu wa hesabu za bima F. G. P. Neison alionyesha kosa hilo mbele ya Chama cha Takwimu cha London kwa njia ambayo imedumu hadi leo. Alichukua viwango vya vifo vya kila rika katika mtaa mmoja na kuvitia katika mpangilio wa umri wa mtaa mwingine, ili ajue ni kiasi gani cha tofauti kati ya mitaa hiyo kilitokana na hali ya maisha na kiasi gani kilitokana na muundo wa umri wa wakazi wake. Njia hiyo huitwa usawazishaji wa umri, na bila yake mji wa wastaafu na mji wa vijana haiwezi kuwekwa katika orodha moja.

William Farr, daktari aliyeingia mwaka 1839 katika ofisi mpya ya uandikishaji wa vizazi na vifo ya Uingereza na Wales, alikuwa na vyote viwili, kiasi na asili, kwa kuwa uandikishaji ulioanza tarehe 1 Julai 1837 ulimpa vifo na sensa ya 1841 ikampa walio hai. Kwa kuziunganisha hesabu hizo alitengeneza majedwali ya maisha, yaani hesabu inayofuata kundi la watoto wachanga na kuonyesha wangapi wangebaki katika kila umri, na akapata kwamba mtoto aliyezaliwa Surrey angetarajia kuishi miaka 45, wa London miaka 37 na wa Liverpool miaka 26. Tofauti hiyo haikuwa ya kutisha kama ile ya Chadwick, ila iliweza kusimama mbele ya mpinzani yeyote. Farr na Chadwick walikuwa wameshagombana kabla ya hapo, Farr alipoandika katika taarifa ya kwanza ya ofisi hiyo kwamba watu 63 walikufa kwa njaa katika nusu ya pili ya mwaka 1837. Chadwick, ambaye tume yake ndiyo iliyosimamia misaada ya maskini, alipinga vikali sababu hiyo kuwekwa katika orodha. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na kila anayebuni fomu ya kukusanyia takwimu, kwa maana safu isiyokuwemo katika fomu humfuta mtu kama vile hakufa kwa kitu kilichomuua.

Mwaka 1848 takwimu iliingia ndani ya sheria. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka huo iliipa Halmashauri Kuu ya Afya uwezo wa kuulazimisha mji kuunda bodi ya afya endapo vifo vyake, kwa wastani wa miaka saba, vilizidi 23 kwa kila watu 1,000. Kwa mara ya kwanza namba moja, inayotumika kwa miji yote, ilipewa nguvu ya kuwabana wakubwa wa mji waliokataa kutoza kodi ya kujengea mifereji. Farr aliiona namba hiyo kuwa ya huruma mno kwa wakubwa hao. Alichambua wilaya zaidi ya 60 za Uingereza ambazo vifo vyake havikuzidi 17 kwa kila 1,000, akaziita wilaya zenye afya, na kudai kwamba kifo chochote kilichozidi kiwango hicho katika mji mwingine hakikuwa cha kawaida ya maumbile na kingeweza kuzuiwa. Hapa ulinganisho ulibadilika maana, kwa kuwa mji haukuwekwa tena kando ya jirani yake ili uonekane bora au duni. Uliwekwa mbele ya hali ambayo watu wengine wa nchi hiyo hiyo walikuwa wameshaifikia, na tofauti ikahesabiwa kwa idadi ya watu waliokufa bila ya sababu ya lazima.

Kuvusha kipimo cha namna hiyo mipaka ya nchi kulikuwa kazi nyingine. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliwaita wataalamu wa mataifa Brussels mwaka 1853 katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu, na katika mikutano iliyofuata ndipo Mhungari József Kőrösi, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Budapest, aliposhika jukumu la kukusanya takwimu za miji mikubwa, akazichapisha kwa Kifaransa katika miaka ya 1870. Ugumu aliokutana nao haukuwa wa lugha tu. Paris, kwa mfano, ilikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wachanga mashambani kunyonyeshwa na walezi wa kulipwa, na wengi wao walifia huko huko, hivyo kizazi kilihesabiwa mjini na kifo kikahesabiwa kijijini, na mji ukaonekana kuwalea watoto wake kuliko ilivyokuwa. Miji yenye hospitali kubwa ilipata kinyume chake, kwa kuwa iliandikiwa vifo vya wageni waliokuja kutibiwa. Mpaka ilipokubaliwa kwamba kifo kirudishwe mahali alikoishi marehemu, orodha ya miji kwa vifo ilipima mipango ya usafiri wa wagonjwa na watoto kama ilivyopima afya.

Vifo, licha ya hayo, ni jambo rahisi kulipima kuliko maisha. Charles Booth, mwenye meli tajiri aliyeanza mwaka 1886 kuuchunguza mji wa London, aliwatumia wakaguzi wa mahudhurio ya shule waliojua kila nyumba yenye watoto, akazipaka njia za mji rangi kuanzia nyeusi hadi ya dhahabu kufuata hali ya wakazi, na kukuta kwamba asilimia 30.7 waliishi katika umaskini. Ikumbukwe kwamba wakaguzi hao hawakuzijua nyumba zisizo na watoto, kwa hiyo hali za wakazi hao zilikadiriwa kwa mfano wa wenzao. Seebohm Rowntree alipofanya uchunguzi wake York mwaka 1899, alizifikia jamaa 11,560 zenye watu 46,754 na kupata asilimia 27.84, akaandikiana na Booth juu ya maana ya umaskini kabla ya kudai kwamba tarakimu hizo mbili zinaweza kuwekwa pamoja. Umuhimu wake ulikuwa mkubwa, kwa sababu York ulikuwa mji mdogo wenye kanisa kuu la kale, na wasomaji wa Kiingereza walikuwa wamejifariji kwamba ufukara ni ugonjwa wa London peke yake. Baadaye Arthur Bowley aliionyesha njia ya kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, kwa kuchagua Reading nyumba moja kati ya kila 20 bila ya upendeleo na kueleza waziwazi ukubwa wa kosa linaloweza kutokea.

Jaribio la ajabu kuliko yote ya zama hizo lilitoka kwa mwajiri. Mwaka 1929 kampuni ya Ford, iliyokuwa ikimlipa mfanyakazi wake wa Detroit si chini ya dola 7 kwa siku, iliiomba Ofisi ya Kazi ya Kimataifa mjini Geneva iikokotolee mshahara ambao ungempa mfanyakazi wa mji wa Ulaya maisha yale yale. Edward Filene, mfanyabiashara wa Boston, aliahidi kupitia mfuko wake dola 25,000 za kuigharimia kazi hiyo. Wachunguzi waliorodhesha matumizi ya jamaa 100 za wafanyakazi wa Ford katika Detroit, kuanzia chakula na kodi hadi nguo na samani, kisha wenzao wakajaribu kuvitafuta vitu hivyo katika miji 14 ya Ulaya, na humo ndani swali likawavunjikia mikononi. Ikiwa jamaa ya Detroit ilikula vyakula ambavyo watu wa mji fulani wa Ulaya hawavili, je, wapewe bei ya chakula kile kile au ya chakula chao kinachoshibisha kiasi hicho? Ripoti iliyotolewa mwaka 1932 ilitoa tarakimu pamoja na tahadhari nyingi, na tahadhari hizo zinafundisha kuliko tarakimu, kwani zinaonyesha kwamba kuulinganisha ubora wa maisha hulazimu kwanza kukubali maisha ya nani ndiyo kipimo.

Orodha maarufu za miji bora ya kuishi zinazotolewa kila mwaka na makampuni ya ushauri zinatoka katika ukoo huo wa mwajiri. Nyingi zilianza kama msaada wa kukadiria posho ya mfanyakazi wa ngazi ya juu anayehamishiwa nchi nyingine, na kwa kazi hiyo zinafaa. Lakini mtu anayeuza mboga kando ya barabara hayumo katika asili yake, na magazeti yanapozisoma kama hukumu juu ya maisha ya mji mzima yanazipa maana ambayo hazikuundwa kuibeba.

Watumishi wa umma, kwa upande wao, waliendelea kupambana na mipaka. Umoja wa Ulaya ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaguzi wa majaribio wa miji 58, London na Paris ziliachwa nje kwanza kwa sababu ya ukubwa wao, na hata zingeingizwa, mji wa Paris ndani ya mpaka wake wa kiutawala una kilomita za mraba 105 hivi, ilhali London Kuu ina zaidi ya 1,500, hivyo kulinganisha majina hayo mawili ni kulinganisha moyo wa mji na mwili mzima. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia isiyojali mipaka ya utawala: ardhi hugawanywa katika miraba ya kilomita moja, na miraba iliyopakana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, ikijumlisha watu 50,000 au zaidi, huitwa jiji. Kwa Dar es Salaam, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu 5,383,728 ndani ya mkoa wake wakati nyumba zimeshavuka kuelekea Kibaha na Mkuranga, uamuzi huo si wa nadharia. Nairobi nayo, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, ina mbuga ya wanyama ndani ya mpaka wake, na msongamano wa wastani unaopatikana kwa kuigawa idadi hiyo kwa eneo lote unawahesabia nafasi ya simba na twiga watu wanaolala watano chumba kimoja.

Nairobi ndiko yalikowekwa mwaka 1978 makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, na ndiko zilikokusanywa takwimu za miji 237 ya dunia kwa ajili ya mkutano wa Istanbul wa 1996. Serikali zilipoahidi katika Malengo ya Milenia kuboresha maisha ya wakazi milioni 100 wa mitaa ya mabanda ifikapo 2020, hapakuwa na maana moja ya mtaa wa mabanda. Wataalamu waliokutana Nairobi mwaka 2002 walikubaliana juu ya mambo matano: maji salama, choo kinachofaa, nyumba imara, nafasi ya kutosha isiyo na msongamano chumbani, na uhakika wa kutofukuzwa. Kwa maana hiyo ripoti ya 2003 ilitangaza kwamba watu milioni 924, yaani asilimia 31.6 ya watu wote wa mijini, waliishi katika hali hizo mwaka 2001. Lakini jambo la tano, ambalo kwa mpangaji wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare au Kibera ndilo linalomnyima usingizi kila anaposikia tingatinga, halikuweza kupimwa kwa tafiti zilizokuwapo, na likaachwa nje ya hesabu.

Athari ya kuchanganya mitaa yote katika wastani mmoja ilionekana wazi mwaka 2000, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika kilipofanya uchunguzi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi peke yake. Utafiti wa taifa wa 1998 ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 112 kwa Kenya nzima na 62 tu kwa Nairobi, na kwa hesabu hiyo mji ulikuwa kimbilio. Ndani ya mitaa ya mabanda walikuwa 151, zaidi ya mashambani. Hesabu ya kwanza haikuwa na kosa la kujumlisha. Ilikuwa imewafunika watoto wa mabanda ya Korogocho kwa watoto wa mtaa wa kitajiri wa Lavington.

Asili yenyewe iliendelea kuwa ngumu. Kibera ilitajwa kwa miaka mingi, katika vitabu na katika maombi ya fedha, kuwa na watu milioni moja, na sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Wapo walioipinga sensa hiyo kwa haki, kwa kuwa mtu anayepanga chumba kwa mwezi mmoja na kuhama anaweza kukosekana katika usiku wa kuhesabiwa, ila hakuna upungufu wa namna hiyo unaoweza kuifikisha namba moja kwenye nyingine, na vyoo, zahanati na mabomba yaliyopangwa kwa kugawanywa kwa milioni moja yalipangwa kwa ajili ya mji ambao haukuwapo.

Kazi iliyo ngumu zaidi inafanywa Korogocho na Viwandani, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo hicho hicho cha utafiti huwatuma wachunguzi nyumba kwa nyumba, kisha kuwarudisha baada ya miezi michache, kuandika nani amezaliwa, nani amekufa na alikuwa na dalili gani kabla ya kufa, nani amehamia na nani ameondoka. Safu inayowachosha zaidi ni hiyo ya mwisho, kwa sababu mpangaji wa Viwandani, aliyefuata kibarua cha kiwandani, huweza kuwa ameshahama mchunguzi anapobisha mlango tena, na jirani anayefungua hajui alikoelekea.